Kujiamini katika hisabati kwa wanafunzi wa sekondari wenye diskalkulia: tunawatambuaje, na tunawafundishaje?

Mlima Loleza (mwanzisha uzi, Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, naanzisha uzi huu nikiwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Mbeya. Ninawaomba walimu wenzangu wa Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa, pamoja na wazazi, tulijadili kwa utulivu jambo ambalo vikao vyetu vya taaluma hulipita juu juu. Kila matokeo yanapotoka tunaambiana kwamba wanafunzi hawajiamini katika hisabati, kisha anaitwa mtu wa kuwahamasisha, wanapiga makofi, na jaribio linalofuata linarudi na alama zile zile. Hoja yangu ni kwamba kwa kundi moja la wanafunzi, yaani wenye diskalkulia, hamasa ya namna hiyo inaumiza kuliko kunyamaza, kwa sababu inawataka waamini jambo ambalo kila ukurasa wa madaftari yao unalikanusha.

Diskalkulia ni ugumu wa kudumu wa kuelewa na kutumia namba, ambao huanza utotoni na hautokani na uvivu, akili ndogo wala kukosa mwalimu. Mwanasaikolojia Ladislav Kosc wa iliyokuwa Czechoslovakia aliueleza kwa kirefu katika makala yake ya mwaka 1974, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa afya ya akili wa Marekani unauweka katika matatizo mahususi ya kujifunza, pamoja na ugumu wa kusoma na ugumu wa kuandika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 3 na 7 ya watoto, kwa hiyo katika mkondo wa wanafunzi 60 tutarajie wawili hadi wanne.

Shida ni kwamba hao wawili hadi wanne wamefunikwa na umati. Katika miaka ya karibuni, watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa takriban mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne. Mahali ambapo robo tatu ya darasa inapata F, nani atamwona yule ambaye F yake ina chanzo tofauti?

Mimi huangalia aina ya makosa kabla ya kuangalia jumla ya alama. Namwona mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye kwa 7 + 5 bado anahesabu vidole chini ya dawati, tena akianzia moja na si saba. Anaandika 6 × 8 = 31 na jibu hilo halimshtui. Jambo alilolijua Jumanne limefutika kufikia Alhamisi. Ukimwekea punje nne za maharage mezani, anazigusa moja moja ili ajue ni ngapi, ilhali wenzake wanaziona kwa mtazamo mmoja. Ukimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa kupunguza tatu tatu, anapotea baada ya hatua chache. Mwanafunzi huyo huyo anaandika insha nzuri ya Kiswahili, anajenga hoja katika Historia, na pengine anachora michoro ya seti bila kukosea. Hata saa yetu inamwongezea mzigo: mshale mfupi unaelekea 9 na sisi tunasema saa tatu, jambo ambalo wengine wamelizoea bila kufikiri, lakini yeye analikokotoa upya kila mara. Kisha anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, na kumi na tatu aliyoizoea inapata jina jipya linalokaribiana mno kwa sauti na lile la thelathini.

Mwanafunzi wa namna hii anaposema hawezi hisabati, anasoma ushahidi wa miaka minane au tisa, na kwa ushahidi huo yuko sahihi. Ukitaka abadili maoni yake, badili ushahidi. Naomba michango.

Mama wa Makambako

Mwalimu, heshima kwako. Binti yangu yuko kidato cha pili na nimesoma maelezo yako nikihisi kama unamwandika yeye. Nina genge la viazi na nyanya. Mdogo wake wa darasa la tano anarudisha chenji bila taabu, lakini dada mtu akipewa noti ya elfu kumi kwa bidhaa ya elfu mbili na mia tano, anaganda, anacheka kidogo, kisha ananiita. Shuleni nimeambiwa ni mvivu na kwamba simu ndiyo inayomharibu. Simu hana. Nimemlipia masomo ya ziada ya jioni, ambako wanafunzi ni wengi kama darasani, na amerudi akiwa amenyong'onyea zaidi. Siku hizi asubuhi ya somo la hisabati tumbo linamuuma, na mchana limepona.

Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: nitatofautishaje mtoto mwenye tatizo hili na mtoto anayeogopa tu, au aliyekosa msingi mzuri huko shule ya msingi?

Mwalimu wa Mafinga

Mkuu, nakuheshimu, lakini uzi huu una hatari zake. Mimi nina madarasa ambayo karibu kila mtu anahesabu vidole. Wengine walifundishwa wakiwa zaidi ya mia katika chumba kimoja, wengine hukosa shule wakati wa kupanda na kuvuna. Tukianza kugawa majina ya kitabibu, kila mzazi atakuja na jina, na kila mwanafunzi mtoro atapata kisingizio. Isitoshe, katika wilaya nyingi hakuna mtaalamu wa kupima. Nani atathibitisha? Pendekezo langu ni kurudi kwenye msingi: mazoezi mengi, jedwali la kuzidisha kwa kichwa, kila asubuhi, kwa wote.

Mlima Loleza

Nianze na Mama wa Makambako, kwa kuwa swali lake ndilo gumu na jibu lake linamhusu pia mwenzangu wa Mafinga.

Mtoto aliyekosa msingi akipata mwalimu anayerudi nyuma na kumfundisha taratibu, kwa kawaida anapanda na kile alichokipata kinabaki. Mtoto mwenye hofu akipewa karatasi ile ile bila saa mbele yake, bila kusimamishwa mbele ya wenzake, kazi yake huwa bora waziwazi. Mwenye diskalkulia anabaki mzito hata akiwa ametulia na hata akifundishwa vizuri. Anasonga mbele, lakini polepole, na hatua alizopata zinateleza asipozirudia. Hapo hapo sharti niseme kwamba haya matatu huishi pamoja. Tumbo la asubuhi ni hofu, na hofu inaweza kabisa kuwa imeota juu ya diskalkulia, kwa hiyo kuliona moja kusimfanye mtu aache kulitafuta jingine.

Kuhusu uthibitisho, ni kweli upimaji kamili ni kazi ya mtaalamu, na mkakati wa taifa wa elimu jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unazungumzia vituo vya upimaji kwa sababu hiyo. Lakini mwalimu hahitaji cheti ili abadili zoezi. Vipimo vya awali, kikiwamo kile alichokiandaa Brian Butterworth wa Chuo Kikuu cha London mwaka 2003, vinajengwa juu ya kazi nyepesi sana: kutaja idadi ya nukta, kuchagua namba iliyo kubwa kati ya mbili, na kuangalia muda anaotumia mtoto. Nukta unaweza kuzichora kwenye kadi za boksi la chaki. Hutapata utambuzi wa kitabibu kwa kadi hizo, ila utapata sababu ya kumtazama mtoto kwa jicho jingine.

Na jedwali la kuzidisha kila asubuhi kwa wote, mkuu, litawafaa wengi, nami silipingi. Kwa hawa wachache litakuwa kila asubuhi ukumbusho wa kwamba wao ndio wa mwisho. Nina shaka hasa na yale mashindano ya kusimama na kutaja jibu upesi, kwa kuwa yanapima kitu ambacho ndicho hasa mtoto huyu hana, mbele ya watu anaowaonea haya. Sitaki hata kuingia kwenye suala la kiboko kwa kila jibu lisilo sahihi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaiweka mikononi mwa mkuu wa shule au anayemwidhinisha kwa maandishi, kwa makosa mazito ya nidhamu, na kukosea kutafuta asilimia si utovu wa nidhamu.

Kihesa (Iringa)

Nachangia kama mtu ninayeshughulika na mafunzo ya walimu hapa Iringa. Mwanzisha uzi amegusa jambo ambalo mwanasaikolojia Albert Bandura alilitolea nadharia mwaka 1977. Alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake katika kazi fulani hutoka katika vyanzo vinne: kufanikiwa yeye mwenyewe, kuona mtu anayefanana naye akifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili wake wakati wa kazi, kama moyo kwenda mbio au kutetemeka. Chenye nguvu zaidi ni cha kwanza. Hicho cha tatu, ambacho ndicho shule zetu zinakitegemea karibu peke yake, ni dhaifu kikisimama bila kingine.

Naongeza tahadhari juu ya sifa. Ukimpigia makofi mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa kujumlisha 4 na 3, wenzake wanasikia na yeye anasikia kwamba hukutegemea zaidi ya hapo. Sifa inayomjenga ni ile inayotaja kitendo: umekadiria kwanza kabla ya kuzidisha, ndiyo maana umegundua mwenyewe kwamba jibu lilikuwa kubwa mno.

Kuhusu hofu, watafiti kama Mark Ashcraft wameonyesha kwamba inakula nafasi ile ile ya kumbukumbu ya muda mfupi ambayo mtu anaihitaji ili ashike namba moja akitafuta nyingine. Mwanafunzi mwenye diskalkulia tayari anaitumia nafasi hiyo yote kwa sababu 8 + 7 haimjii, anaijenga. Hofu ikiingia, hakuna kinachobaki. Ndiyo maana anasimama ubaoni kama aliyesahau hata jina lake, na mwalimu anatafsiri ukimya huo kuwa kiburi.

Jambo la pili katika orodha ya Bandura huwa tunalisahau. Tunawaletea wageni waliopata A, wahandisi na madaktari, na mtoto huyu anaona watu wa jamii nyingine kabisa. Mlete mtu aliyehangaika na namba na akapata njia yake.

Fundi wa Mbao

Mimi huwa nasoma tu, leo naandika. Nilimaliza kidato cha nne Mufindi, Hisabati nikapata F, na siwezi hadi leo kukuambia 7 mara 8 bila kutulia. Nina karakana, natengeneza milango na makabati, na nina vijana wanaonisaidia. Vipimo vyangu nahamisha kwa kijiti: nakata kijiti urefu wa nafasi, napeleka kwenye mbao, naweka alama. Mahesabu ya bei ya futi za mbao nafanya kwa kikokotoo mara mbili, na majibu mawili yasipolingana nafanya ya tatu. Jometri niliipenda shuleni. Kwenye pembe na maumbo nilikuwa naona jibu kabla ya wengine, ila mwalimu hakuwahi kufika huko na mimi, kwa sababu alisema asiyejua kugawanya hana haki ya kushika bikari.

Kilichoniondoa kwenye somo hakikuwa F. Ilikuwa ni kusomewa alama kwa sauti, kuanzia ya juu hadi ya chini, huku nikijua jina langu litakapokuja.

Mlima Loleza

Fundi, asante. Mwalimu wako alifunga mlango uliokuwa wazi. Diskalkulia hugonga zaidi kwenye wingi na ukokotozi. Si lazima igonge kwenye umbo, mpangilio au mantiki, na mtaala wa sekondari una mada nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi ninayemshuku namtafutia mapema mada ambayo atasimama kwa miguu yake, mara nyingi seti, takwimu za michoro, majira ya nukta au jometri, na hapo ndipo ninapompa nafasi ya kuwaeleza wenzake, akiwa ameketi kwenye kikundi na si ubaoni.

Sasa kazi ya kila siku, kwa kuwa wengi wameniandikia faragha wakiuliza inafanyikaje katika darasa la watu sitini. Sina mwalimu msaidizi. Ninachofanya ni kubadili karatasi. Zoezi la wengine lina maswali kumi, lake lina manne, ya mada ile ile, na la kwanza ni mfano uliokamilika isipokuwa hatua ya mwisho. La pili linakosa hatua mbili za mwisho. La nne ni lake lote. Anafika la nne akiwa amekwisha kuona mkono wake mwenyewe ukimaliza mengine, na kwangu hilo lina uzito kuliko hotuba yoyote. Naweka alama kwa kila hatua sahihi, si kwa jibu peke yake, na sitangazi alama za mtu yeyote.

Jedwali la kuzidisha namruhusu alibandike ndani ya jalada la daftari. Wakati huo huo tunajenga machache kutoka yale anayoyamudu: akijua mara mbili, mara tano na mara kumi, basi 6 × 8 ni 5 × 8, yaani 40, na nane nyingine, 48. Ni njia ndefu, lakini haipotei kama kitu kilichokaririwa, na akisahau ana mahali pa kuanzia. Kabla ya kukokotoa chochote lazima aandike kadirio pembeni. 31 kwa 6 × 8 ingekamatwa hapo.

Mstari wa namba nao tunaudharau kuwa ni wa watoto wadogo. Namba hasi nilizifundisha kwa baridi ya huku kwetu: Juni na Julai wakulima wa Njombe na wa uwanda wa Kitulo wanajua vizuri jani lililounguzwa na barafu ya alfajiri, na kipimajoto kilichosimama wima ni mstari wa namba ambao hakuna anayeona aibu kuusoma. Kutoka nyuzi 3 hadi nyuzi 2 chini ya sifuri, tumeshuka ngapi? Mwanafunzi aliyekuwa akibahatisha alama za kujumlisha na kutoa alishuka kwa kidole, moja moja, na akafika tano.

Mwalimu wa Mafinga

Hapo kwenye zoezi la maswali manne nakubaliana nawe, na nitalijaribu. Lakini mtihani wa taifa hauna maswali manne. Kikokotoo hakiruhusiwi katika Hisabati ya kawaida. Je, hatuwadanganyi?

Mlima Loleza

Swali la haki, mkuu. Kikokotoo hakiruhusiwi, ndiyo. Majedwali ya hisabati yanaruhusiwa. Lakini hata jedwali lile lenye safu zilizobanana ni mtego kwa mtoto huyu, ambaye jicho linaruka mstari. Natumia kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa pembe, anakilaza chini ya mstari anaousoma. Mazoezi ya kusoma jedwali kwa rula huanza kidato cha pili, si wiki ya mtihani.

Kuhusu lengo, tuzungumze kwa alama. Kufaulu kwa D kunaanzia 30. Katika muundo uliotumika kwa miaka ya karibuni, sehemu A ina maswali kumi ya alama 6 kila moja, na sehemu B ina maswali manne ya alama 10. Maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika ni alama 30. Mwanafunzi mwenye diskalkulia anayesambaza nguvu zake kwenye mada zote anapata vipande visivyotimia popote. Yule aliyechagua mada saba au nane anazozimudu, akazirudia kwa miaka miwili, anaingia chumba cha mtihani akijua maswali yake yako wapi. Wapo watakaosema nafundisha kwa ajili ya mtihani. Ni kweli, kwa wanafunzi hawa ninafanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa F ya Hisabati inawafungia kozi nyingi za vyuo ambazo kazi zake wangezimudu.

Liko pia suala la muda. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ila mtahiniwa anatakiwa awe ametambuliwa na shule imewasilisha taarifa zake mapema. Tukisubiri kidato cha nne tumechelewa. Ndiyo maana nasisitiza kumbukumbu: weka jalada lenye karatasi zake, tarehe, kazi alizopewa na msaada uliojaribiwa, tangu kidato cha kwanza. Mtaalamu akipatikana, atakuwa na kitu cha kusoma.

Mama wa Makambako

Nimefuatilia hadi hapa. Jumatatu nitakwenda shuleni. Niseme nini, Mwalimu, ili nisionekane nakwenda kumlaumu mtu?

Mlima Loleza

Usianze na neno diskalkulia, maana mjadala utahamia kwenye neno na binti atasahauliwa. Nenda na daftari lake. Mwonyeshe mwalimu ukurasa mmoja wenye kosa linalojirudia, umwambie unachokiona nyumbani kwenye chenji na kwenye saa, kisha omba mambo matatu madogo: asiitwe ubaoni bila kuarifiwa kabla, alama zake apewe yeye peke yake, na zoezi lake liwe fupi kwa muhula huu mmoja ili mwone kama kuna mabadiliko. Mwalimu mwenye madarasa matano anaweza kuyabeba hayo. Usiombe asamehewe somo.

Nyumbani, genge lako ni msaada mkubwa kuliko masomo ya jioni, mradi wateja wasiwe wamesimama. Jioni mkiwa mmefunga, mpe noti ya elfu kumi na bidhaa ya elfu mbili na mia tano, na usimfundishe kutoa. Mfundishe kupanda: kutoka elfu mbili na mia tano weka mia tano, umefika elfu tatu; kutoka hapo weka elfu mbili, umefika elfu tano; kisha noti ya elfu tano. Fedha aliyoiweka mezani ndiyo chenji, elfu saba na mia tano. Rudieni bei hiyo hiyo kwa siku kadhaa kabla ya kuibadili, na mdogo wake awe anafanya kazi nyingine wakati huo.